Sekunde Nne Zilizotoboa Kuta Mbili

Saa moja na robo asubuhi. Jua halijapata nguvu, lakini kwenye lango la kiwanda cha kujazia gesi foleni imeshafika watu tisa. Mbele kabisa amesimama fundi wa kuchomelea vyuma. Mtungi mdogo wa oksijeni ameuweka begani kama gogo la kuni, na mkono wa pili umeshika simu.

Mwanamke mfupi aliyevaa koti la buluu anatoka kwenye chumba cha ukaguzi. Hasalimii. Anamtazama fundi kuanzia juu hadi chini, kisha anauliza:

"Kofia iko wapi?"

Fundi anajipapasa kichwani. "Mama, leo jua si kali."

Foleni nzima inaangua kicheko. Mwanamke hacheki.

"Kofia ya mtungi. Teremsha huo mzigo, ulaze chini. Taratibu, nimesema. Usiutupe."

"Mtupu huu, mama."

"Mtupu kwa mujibu wa nani? Umeupima?"

Fundi anaulaza. Mwanamke anachuchumaa, anafunga kipimo kwenye koki na kufungua kidogo. Mshale unaruka, unakwenda kusimama kwenye arobaini. Maana yake ni kwamba presha iliyobaki ndani ya huo mtungi "mtupu" ni mara arobaini ya hewa inayotuzunguka. Macho yanamtoka fundi. Amekuja nao kwenye pikipiki, kilomita sita, umelala mapajani.

"Kilomita sita," mwanamke anarudia polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Na koki ikitazama wapi?"

Fundi anajitazama tumbo.

Hapa kiwandani anaitwa Mama Kofia, na wenzake wameshaandika hivyo hata kwenye daftari la mahudhurio. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameimaliza ndani ya ua huu. Cheo chake ni mkaguzi msaidizi wa mitungi. Kwa siku anakagua mitungi kama mia na themanini. Anaigonga kwa nyundo ndogo ya mbao na kusikiliza mlio wake, anaisoma tarehe iliyochapwa shingoni, anaipaka maji ya sabuni kwenye koki aone kama yanatoa mapovu. Mshahara wake, anasema, unatosha kodi ya nyumba, chakula na dawa za presha za mama yake. "Nyumbani presha, kazini presha," anasema, na hapo ndipo anapotabasamu kwa mara ya kwanza.

Watu husema mtu fulani ametulia kama maji ya mtungi. Mama Kofia anasema mitungi anayoijua yeye haijawahi kutulia hata siku moja. Inasubiri tu.

Kisha anamchukua mwandishi wa makala haya, anamzungusha nyuma ya jengo la wafanyakazi na kumwonyesha kiraka cha saruji ukutani. Ni cha mviringo, ukubwa wa sahani ya kulia, na hakijapakwa rangi. Ndani ya jengo, upande wa pili wa ukuta huo, ni chumba cha chai. Kuna meza ndefu na viti kumi na kimoja.

"Kaa," anamwambia mwandishi, akivuta kiti.

Mwandishi anakaa. Kiraka kiko sawasawa na sikio lake. Akigeuka, anakiona kingine kwenye ukuta wa pili, juu kidogo.

"Sasa fikiria," anasema Mama Kofia. Hamalizii.

*

Ilikuwa siku ya Jumanne, miaka mitatu iliyopita, saa tatu na dakika hamsini asubuhi.

Hospitali ilikuwa imepiga simu mara mbili ikitaka oksijeni. Lori la kiwanda lilikuwa uani, limegeuza mgongo kwenye jukwaa la kupakilia. Dereva wake alikuwa mdogo wake Mama Kofia, tumbo moja, mwanaume mrefu aliyezoea kunyoosha shati lake mpaka kola inasimama kama karatasi. Kwa ajili ya mashati hayo walimwita Kapteni.

Mitungi ya kupakia ilikuwa ishirini na mitatu, ile mirefu inayomfikia mtu kidevuni. Kila mtungi wa aina hiyo huwa na kofia yake, kikombe kizito cha chuma kinachozungushwa juu ya koki na kuikinga. Kofia sita za mwisho zilikuwa zimeliwa na kutu kwenye nyuzi zake za kuzungushia. Kuzifunga kulihitaji mafuta, spana na subira. Wafanyakazi walikuwa wameandika barua tatu kuomba kofia mpya, na jibu lilikuwa moja: wasubiri bajeti.

Mama Kofia, ambaye wakati huo hakuwa na jina hilo, alikuwa amemaliza kupima mitungi hiyo sita. Kofia zenyewe zilikuwa ndani ya sanduku chini ya meza yake.

"Kapteni akaniambia, 'Dada, hizi sita hazina kofia,'" anasimulia. "Nikamwambia, 'Peleka hivyohivyo, safari yenyewe dakika kumi. Watu wanasubiri kupumua.' Hayo ndiyo maneno yangu. Sitayasahau mpaka naingia kaburini."

Kapteni aliviringisha mtungi wa kwanza kati ya ile sita mpaka nyuma ya lori, akausimamisha, akageuka kuvuta mnyororo wa kuufungia. Alipogeuka tu, mtungi ukaegama. Koki ikagonga ukingo wa chuma wa jukwaa, ikakatika kama shingo ya chupa.

"Sikusikia kitu kikivunjika," anasema Mama Kofia. "Nilisikia mngurumo. Nilidhani ndege imeangukia uani."

Mtungi wenye uzito wa zaidi ya kilo sitini ulizunguka mara moja chini kama nyoka aliyekanyagwa, ukampiga Kapteni mguu wa kushoto chini ya goti, kisha ukanyooka. Ulivuka ua. Ulipita kwenye ukuta wa tofali za saruji kama vile ukuta haupo, ukapita juu ya meza ya chai, ukatoboa ukuta wa pili, ukavuka barabara ya nyuma na kujifukia kwenye tuta la udongo, mita mia na arobaini kutoka pale ulipoangukia. Kamera ya langoni ilirekodi yote. Kuanzia kuanguka mpaka kutulia, ni sekunde nne.

Kengele ya chai ilikuwa igongwe saa nne kamili. Kama ingetokea dakika kumi baadaye, viti vyote kumi na kimoja vingekuwa na watu.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Vumbi lilikuwa linashuka. Mpishi wa chai alitoka mlangoni ameshika birika, mweupe kwa saruji kuanzia nywele hadi viatu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nani amegonga?"

Ndipo Kapteni alipopiga kelele.

*

Walimpeleka hospitali ileile iliyokuwa inasubiri oksijeni, juu ya lori lilelile, mpakiaji mwingine akiwa kwenye usukani. Madaktari walijaribu siku mbili. Siku ya tatu waliukata mguu.

Mama Kofia hakwenda na lori. Anasema hajui kwa nini. Badala yake alivuka barabara na wenzake kuutazama mtungi. Ulikuwa umezama nusu kwenye tuta, na ingawa jua lilikuwa linawaka, ulikuwa umefunikwa na ukungu mweupe wa barafu. Mmoja wao aliugusa, akarudisha mkono haraka kama aliyeungua.

"Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa," anasema. "Kitu kimepasua kuta mbili, halafu ni baridi kama kimetoka kwenye friji. Nikajiuliza, hivi nimefanya kazi na nini miaka yote hii?"

Alirudi mezani kwake. Uani hapakuwa na mtu. Mitungi mitano isiyo na kofia ilikuwa bado imesimama palepale. Alivuta sanduku, akachukua mafuta na spana, akazifunga kofia tano moja baada ya nyingine. Kazi aliyoiona ndefu mno asubuhi, aliimaliza kwa robo saa. Kofia ya sita ilibaki. Aliifunga ndani ya kitambaa, akaiweka chini kabisa ya mkoba wake.

Je, alijua anachokifanya?

"Ningependa kukuambia sikujua," anajibu. "Ingekuwa uongo."

Taarifa ya meneja ilitoka siku ya nne. Ilisema dereva alizembea, hakufunga mnyororo kwa wakati, na kwamba kofia ya mtungi iling'oka kwa kishindo na kupotea. Kwa hiyo dereva asingelipwa fidia. Kapteni alihojiwa kitandani. Aliulizwa kama mitungi ilikuwa na kofia. Alijibu kwamba hakumbuki.

Wiki iliyofuata akaja mkaguzi wa usalama kazini, mzee wa miwani minene aliyebakiza miezi michache kustaafu. Alipima matundu ya ukutani, alipima tuta, akaitazama picha ya kamera mara nyingi. Kisha akaanza kuitafuta kofia. Kwa hesabu zake, kama kofia ilikuwepo, koki isingekatika kwa anguko dogo kama lile. Na kama ilikatika pamoja na koki, basi iko mahali fulani.

Kwa siku mbili, mzee yule alitambaa kwenye majani ya ua na kando ya barabara, magoti yamechafuka, akipekua kwa fimbo. Mama Kofia alimtazama kutoka dirishani, mkoba ukiwa mapajani.

"Kila akiinama, mimi napungua," anasema. "Mtu wa umri wa baba yangu anatafuta kitu ambacho mimi nimekikalia."

Siku ya tatu asubuhi alimfuata majanini, akafungua kitambaa.

"Mzee, unachokitafuta hiki hapa."

Mkaguzi aliigeuza kofia mkononi. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alikaa chini palepale kwenye umande.

"Na ile mitano mingine uliyoipima pamoja na huo?"

"Kofia zake nilizifunga baadaye."

"Mdogo wako anajua kwamba mtungi haukuwa na kofia?"

"Ndiye aliyeniambia."

"Mbona amesema hakumbuki?"

Hapo ndipo ilipomwingia kichwani, anasema. Kapteni alikuwa anakumbuka kila kitu. Alikuwa amelala pale hospitalini bila mguu, anaukubali uzembe ambao haukuwa wake, ili dada yake asifukuzwe. Mama Kofia alishika majani kwa mikono miwili, akalia mpaka mkaguzi akamtafutia maji.

*

Ripoti ya mkaguzi ilikuwa na kurasa thelathini na moja. Haikumwacha Mama Kofia. Ilieleza aliyoyafanya na aliyoyaficha. Lakini sehemu kubwa iliuangukia uongozi: barua tatu zisizojibiwa, mitungi kupakiliwa na mtu mmoja, jukwaa lisilo na uzio, na chumba cha chai kujengwa sambamba na mahali pa kupakilia. Meneja aliondoka. Kapteni alilipwa fidia na kuwekewa mguu wa bandia. Mama Kofia alisimamishwa miezi mitatu, akarudishwa kwa masharti, akaanza upya kwa kuosha mitungi kama siku ya kwanza alipoajiriwa.

Kabla mkaguzi hajaondoka, Mama Kofia alimwomba kitu kimoja. Hakuomba msamaha. Aliuliza:

"Mzee, nieleze. Hewa tu. Imewezaje?"

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta. "Unadhani ilisukuma nini?"

"Hewa iliyokuwa nyuma yake."

"Huko juu kabisa angani hakuna hewa, na roketi zinakwenda. Zinasukuma nini?"

Mzee akamkalisha juu ya toroli la magurudumu manne, kwenye sakafu laini ya ghala, akampa mfuko wa mchanga wa kilo kumi na tano. "Utupe mbele yako, kwa nguvu zako zote."

Aliutupa. Toroli likarudi nyuma, yeye juu yake, miguu hewani.

"Umesukuma ukuta?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Umesukuma hewa?"

"Nimesukuma mfuko."

"Na mfuko umekusukuma wewe. Basi, hiyo ndiyo roketi. Mengine yote ni namna ya kuutupa mfuko haraka zaidi."

Mtungi ule ulikuwa na kilo kumi za gesi, alimweleza, zimeshindiliwa kwa presha mara mia na hamsini ya hewa ya kawaida. Koki ilipokatika, kilichobaki ni tundu la milimita kumi na mbili, upana wa kidole. Kupitia tundu hilo gesi ilitoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa saa, na kitako cha mtungi kikasukumwa kama kimeegemewa na uzito wa kilo mia mbili na ishirini. Ni mara tatu ya uzito wa mtungi wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo Mama Kofia alilikataa kwa siku mbili nzima. Mkaguzi alimwambia kwamba kwenye sehemu nyembamba kabisa ya tundu, gesi ikishafikia kasi ya sauti, haiongezi tena mwendo hata presha ya ndani ipande mara kumi.

"Nikamwambia, mzee, hapo umenidanganya. Presha ikizidi, si lazima itoke kasi zaidi?"

Mzee alimwambia afikirie gesi iliyo ndani inajuaje kwamba nje kuna nafasi. Habari hiyo hurudi ndani kwa mwendo wa sauti, hatua kwa hatua, kama watu kwenye foleni wanaoambiana mlango umefunguliwa. Gesi inapotoka kwa mwendo uleule wa sauti, habari inapiga mbio kurudi ndani lakini inabebwa nje. Haifiki. Walio ndani hawajui tena kinachoendelea nje. Presha ikipanda, kinachozidi ni msongamano: gesi inayopita inakuwa nzito zaidi, na msukumo unakuwa mkubwa zaidi, ingawa mwendo pale pembamba ni uleule.

"Na ukitaka iende kasi kuliko sauti?" Mama Kofia aliuliza.

"Unaupanua mdomo."

Alicheka. Kila mtu ameona maji kwenye mfereji: pakipanuka, yanapunguza mwendo. Mzee akakubali kwamba maji ndivyo yalivyo. Lakini gesi iliyokwisha kufika kasi ya sauti, ikipewa njia inayopanuka kama mdomo wa tarumbeta, inatanuka, inapoa, na inazidi kukimbia. Ndiyo maana mkia wa roketi una umbo lile. Hata barafu juu ya mtungi ilikuwa na chanzo cha jamaa hiyohiyo: gesi iliyobaki ndani ilitanuka kwa haraka wakati nyingine ikitoka, ikapoa, ikafyonza joto la chuma.

"Na ndege?" aliuliza.

"Ndege ya jeti haibebi mtungi. Inavuta hewa mbele, inaishindilia, inaichoma moto, inaitupa nyuma. Mfuko wa mchanga ni uleule."

Mama Kofia anasema siku hiyo alirudi nyumbani akijitazama viganja. Alikuwa ameishia darasa la saba, na miaka kumi na tisa alikuwa ameviringisha roketi kwa mikono yake miwili akidhani ni vyuma vizito tu.

*

Nyumbani hapakuwa na wa kumsimulia. Kapteni alikuwa hazungumzi naye.

Wanaishi nyumba moja, wao na mama yao. Kwa miezi saba maneno yote yalipita kwa mama. "Mama, mwambie huyo mtu wako chumvi imezidi." "Mama, mwambie mdogo wangu maji ya kuoga tayari." Mama, mwenye miaka sabini na minne, anasema aligeuka posta. "Tena posta isiyolipwa," anaongeza. "Siku nyingine nilikuwa nabadilisha barua njiani. Huyu akituma tusi, mimi nafikisha salamu."

Mama Kofia aliamini ni hasira ya mguu, akaona ni haki yake.

Jumapili moja mchana aliazima toroli la jirani, akaliweka kwenye sakafu ya saruji mbele ya nyumba. Alitaka kujaribu tena lile somo, maana alikuwa ameombwa awaeleze wenzake kazini na aliogopa kukwama. Alipanda, akautupa mfuko, toroli likamponyoka, akaanguka chali.

Kapteni alikuwa amekaa mlangoni, mguu wa bandia ameuweka pembeni. Miezi saba ikakatika kwa sentensi moja:

"Wewe dada, umepatwa na nini?"

"Najifunza," alijibu akiwa bado chini.

"Unajifunza kuanguka?"

"Najifunza kilichokupiga."

Kapteni akavaa mguu wake, akaja mpaka kwenye toroli. "Nieleze."

Alimweleza yote: kasi ya sauti, tundu la kidole, habari isiyofika ndani, barafu. Akamkalisha juu ya toroli. Kapteni alirusha mfuko, akateleza nyuma hatua nzima. Akarusha tena. Mara ya tatu akabaki amekaa, mikono magotini.

"Kumbe mtungi haukuwa unanitafuta mimi," alisema. "Kila siku nauota umegeuka kunitazama. Kumbe ulikuwa unatupa gesi huku, unakwenda kule."

"Ndivyo."

"Dada, mimi sikukukasirikia kwa mguu. Nataka ulijue hilo."

"Sasa kwa nini?"

"Zile kofia tano. Mguu ulikatwa na mtungi. Zile tano ulizifunga kwa mkono wako, mimi damu yangu bado mbichi uani. Niliambiwa na mkaguzi. Nilikuwa nakulinda, na wewe ulikuwa umeshajilinda."

Mama Kofia anasema kuta mbili zilizotoboka hazikumshtua kama maneno hayo. Hakujitetea. Alisema, "Ni kweli." Mama yao, aliyekuwa dirishani akisikiliza kila kitu, alitoka na kuwaambia kazi ya posta ameacha, kuanzia leo kila mtu apeleke barua zake.

*

Leo kiwanda kina kofia mpya mia tatu, uzio wa chuma kwenye jukwaa, na sheria kwamba hakuna mtungi unaosimama bila mnyororo hata kwa dakika moja. Chumba cha chai kimehamishiwa mbali. Kile cha zamani, chenye viraka, ndicho chumba cha kufundishia. Kila Alhamisi Mama Kofia hukaa na mafundi wa kuchomelea, wapakiaji na wahudumu wa hospitali. Huanza kwa kuwakalisha kwenye vile viti kumi na kimoja bila kuwaambia lolote, kisha huwaambia wageuke.

Wengine hucheka mwanzoni. Mwandishi alishuhudia kijana mmoja, fundi wa madirisha, akiwa wa kwanza kuelewa. Aliinuka kitini taratibu, akaenda kusimama kona ya chumba, na hakurudi kukaa mpaka somo lilipoisha.

Hata hivyo mtaani hali bado inatisha. Siku makala haya yalipoandikwa, umbali wa dakika tano kutoka kiwandani, mwandishi aliona mkokoteni umebeba mitungi minne mirefu, koki nje, imefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake amekaa mtu anakula muwa.

Mama Kofia alipoambiwa, alifumba macho. "Mimi nina lango moja tu," alisema.

Ndiyo maana anataka cheti. Mtihani wa mkaguzi kamili hufanyika mara moja kwa mwaka. Mwaka jana aliufanya, akaanguka kwa alama nne, zote kwenye hesabu. Mwaka huu amejiandikisha tena. Umebaki muda wa wiki tisa. Mkaguzi mstaafu humfundisha kwa simu kila Jumamosi, na binti wa jirani, anayesoma sekondari, humsahihishia mazoezi bila huruma. Kitabu chake cha mazoezi kimejaa mitungi iliyochorwa kwa kalamu, mishale inatoka upande huu, mishale inakwenda upande ule.

Kapteni amepata leseni ya gari lisilohitaji mguu wa kushoto. Kiwanda kimekubali kuwapa gari dogo wawazungukie mafundi kwenye karakana zao, mara Mama Kofia akishapata cheti. Dereva atakuwa yeye Kapteni, na mashati yake, kama mwandishi alivyoyaona, bado yamenyooka.

"Sasa hivi nikiona kosa barabarani, nabembeleza," anasema Mama Kofia. "Nikipata cheti, nitakuwa na haki ya kuzuia gari lolote lenye mitungi. Lolote. Lishushe mzigo palepale, lifungwe sawasawa, ndipo liondoke."

"Hata langu?" anauliza Kapteni kutoka nje, ambako anafuta kioo cha gari ambalo bado hawajapewa rasmi.

"La kwako," anamjibu dada yake, "ndilo nitakaloanza nalo."